Mama Mkwe Katika Safu ya Pili

Mieleka tuliyokuwa tukiionyesha Kisumu ilikuwa ya uongo, na nasema hivi kama mtu aliyeuandika uongo huo kwa mkono wake kila Alhamisi, kwenye daftari la shule, kwa kalamu ya wino wa bluu. Nani ataanguka, ataanguka dakika ya ngapi, ataamka ameshika kiuno au shingo. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa chuo kikuu nikisoma falsafa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimekaa katika kibanda cha kuonyesha video, nikibishana na mwenye kibanda kama inafaa kumkalia mtu kifuani kabla ya kumvuta masikio au baadaye.

Sikupanga iwe hivyo. Nilikuwa nikiandika barua za kuomba kazi, na kila barua niliisoma mara saba kabla ya kuitia posta, kisha nikakesha na wazo kwamba stempu niliibandika ikiwa imepinda na kwamba karani wa huko angeniona mzembe. Majibu hayakuja. Aliyekuja ni mwenye video.

"Wewe uko na digrii," aliniambia. "Unajua maneno mrefu. Watu wanapenda maneno mrefu wakati mtu anaumizwa."

Alikuwa ametazama kanda za mieleka ya ng'ambo mpaka zikaanza kutoa theluji badala ya picha, na akajiona mtaalamu. Kila Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, alikodi ukumbi wa mtaa, akatandika turubai juu ya magunia ya pumba za mbao, akazungusha kamba za nailoni zilizokuwa zikinuka samaki, akauita huo ulingo. Bingwa wake alikuwa mchinjaji mmoja mwenye tumbo lililotangulia kuingia ulingoni. Mkanda wa ubingwa ulifuliwa na fundi wa jua kali kutokana na mnyororo wa pikipiki na kifuniko cha sufuria. Nilikuwa nautazama mkanda ule na kumhurumia mchinjaji, halafu nakumbuka kwamba yeye ana bucha na mimi nina cheti.

Watazamaji ndio walionitesa zaidi. Wengi wao walikua vijijini ambako wavulana hushindana mieleka malishoni tangu wanajua kutembea. Walijua mtu aliyeangushwa anavyoanguka. Hata hivyo walimwona mchinjaji akimpulizia mtu pumzi tu na mtu akaenda chini, na wakapiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Je, walijua? Kama walijua, kelele zilikuwa za nini? Kama hawakujua, watu hao hao waliwezaje kesho yake kwenda sokoni wasiibiwe? Nilijaza kurasa nne za daftari nikitafuta jibu. Nilipomuuliza jirani yangu alinitazama kwa huruma.

"Omera, ndugu yangu," alisema, "kwani ukienda arusi huwa unauliza kama bibi arusi ni mrembo kweli?"

Mwanamieleka mpya alikuja siku moja akiwa amevuta mkokoteni wa viti tulivyokodi. Alikuwa mtu wa upande wa Ahero, amekulia kwenye mashamba ya mpunga, na miguu yake ilisimama juu ya sakafu ya saruji kana kwamba bado imo matopeni na haina haraka ya kutoka. Alivuta mkokoteni katika soko la Kibuye mwaka mzima, mvua na jua. Mwenye video alimtazama akishusha viti sita kwa mkono mmoja, akamuuliza kama anajua mieleka.

"Ya kwetu najua. Hii yenu sijui, mnaanguka bila kuguswa."

Mwenye video alicheka, akamtupia chupi nyembamba ya kuogelea aliyoinunua kwenye mitumba. Mvuta mkokoteni aliishika kwa vidole viwili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako. Ndiyo nguo ya kazi."

"Mzee, siwezi. Mama mkwe wangu anauza omena hapo Kibuye. Kila Jumapili watu wa soko wanakuja hapa."

Kwa msomaji ambaye si wa huku, omena ni dagaa wa ziwa letu, na mwanamume wa Kiluo na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na mwanamume hujifunika mbele yake hata joto likiwa la kuchemsha ubongo. Mkwe akionwa nusu uchi na mama mkwe, hilo si jambo la kucheka likaisha. Wazee huitwa, mnyama huchinjwa, na kama ukoo una hasira tayari, binti hurudishwa kwao. Ukoo huo ulikuwa na hasira tayari, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika nusu na kuchoka njiani.

"Basi avae suruali," nilisema.

"Umeona wapi mwanamieleka na suruali ya kanisa?" alijibu mwenye video. Akafikiri, jambo alilolifanya mara chache na kwa sauti. Kisha akatoka, akarudi na boshori nyekundu ya sufu, ile kofia ya walinzi inayofunika kichwa hadi shingoni na kuacha matundu ya macho. "Mama mkwe atajua mkwe wake kwa uso au kwa goti?"

Hivyo ndivyo siri kubwa ya michezo katika ufuo wetu ilivyozaliwa. Mimi nilitangaza kwenye kipaza sauti kwamba mtu huyu aliapa juu ya kaburi, kwamba uso wake ukionekana ziwa litakauka, na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Ukweli ni kwamba mtu mzima alimwogopa muuza omena.

Umaarufu wake ukapanda haraka. Jumapili ya kwanza niliandika aanguke dakika ya nne, akasahau, akamwangusha mwenzake dakika ya kwanza kwa mtego wa malishoni: mguu unatangulia nyuma ya kisigino cha mtu, kifua kinafuata, kwisha. Mwenye video alitaka kumfukuza, lakini ukumbi ulikuwa umesimama juu ya viti. Wiki iliyofuata tulimwandikia ushindi. Baada ya miezi mitatu walikuja watu kutoka Port Victoria wamepanda lori la samaki, wakiwa wamevaa vitambaa vyekundu kichwani, watu wazima wenye watoto shuleni.

Lazima nieleze pia jambo moja ambalo kanda za ng'ambo hazina. Kwetu, penye shangwe, mtu anaweza kuinua mkono akasimamisha kila kitu ili ajisifu, asifu ukoo wake, asifu anayempenda. Tunaita pakruok. Muziki hukatwa, watu humsikiliza, naye hujimwaga. Mwenye video aliileta desturi hiyo ulingoni kwa sababu waliojisifu walitoa pesa kidogo. Kwa hiyo mkono ulipoinuka nilipiga filimbi, na wanamieleka wakaganda vile vile walivyokuwa. Mmoja amemkaba mwenzake shingo, mwingine amening'inia kwenye kamba, wanasubiri kwa adabu mwalimu wa shule ya msingi amalize kutuambia kwamba yeye ni simba anayekula kwa uma. Halafu filimbi, wakaendelea kuuana.

Aliyejisifu kuliko wote alikaa safu ya pili, karibu na nguzo. Alikuwa mama wa makamo, mpana, mwenye leso mbili na sauti ya kuuza. Jumapili ya pili tu ya mwanamieleka wetu, aliinua mkono. Nilipiga filimbi. Mwekundu wetu alikuwa amebanwa kichwa kwapani mwa fundi baiskeli.

"Mimi!" alisema yule mama. "Mimi ambaye nikikaanga omena paka wa mitaa mitatu wanaamka! Mimi mama ya wasichana wanne wasiocheka ovyo! Nasimama na huyu mtu mwekundu asiye na uso!"

Ukumbi uliitikia.

"Na nyinyi wenye wakwe, nionyesheni mkwe kama huyu! Mimi wangu anavuta mkokoteni kama punda, na akiniona anakimbilia nyuma ya magunia kama mwizi wa viazi! Angekuwa huyu! Angekuwa huyu ndiye amechukua binti yangu, ningemsamehe ng'ombe!"

Nilisahau kupiga filimbi. Kutoka kwapani mwa fundi baiskeli macho mawili yalinitazama kupitia matundu ya sufu.

Baadaye, chumbani nyuma ya jukwaa, alikaa kwenye kreti ya soda, boshori mkononi.

"Ni yeye," alisema.

"Nimeelewa."

"Amesema ananisamehe ng'ombe."

"Amemsamehe mwingine," nilisema, na papo hapo nikaanza kuwaza kama huyo ni mwingine kweli, na kama mtu anaweza kudai msamaha uliotolewa kichwa chake kikiwa ndani ya kofia. Yeye hakuwaza hayo. Alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka.

Mwaka mzima ilikuwa hivyo. Jumatatu hadi Jumamosi alimkwepa kati ya mistari ya mitumba na nyanya, akimwamkia kwa mbali huku anatazama chini kama inavyotakiwa, na mama yule akisonya. Jumapili alisimamishwa katikati ya pigo ili ajisikie akisifiwa na kutukanwa na mama yule yule katika sentensi moja. Nilidhani angevunjika. Badala yake alinenepa.

Kisha mwenye video akaamua kwamba mchinjaji amechosha watu na mkanda uhame. Lakini alikuwa na sharti, na alilitangaza mwenyewe kabla ya kutuambia: mwekundu akishinda, atavua boshori mbele ya watu wote.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Bingwa hawezi kukosa uso. Hata noti iko na uso. Nitapiga picha ya nani nibandike mlangoni?"

"Lakini unajua kwa nini alivaa."

"Mimi nilimpa kofia, sikumpa mama mkwe."

Huo ndio ulikuwa upeo wa maadili yake. Nilitegemea mvuta mkokoteni akatae, na nilikuwa nimeshamwandalia hoja tano za kukataa. Hakuzitaka.

"Nautaka huo mkanda," alisema.

"Ni kifuniko cha sufuria."

"Wewe unaitwa msomi hata ukienda chooni. Mimi watu wananiita bingwa nikiwa nimefunikwa kichwa, nikivaa shati wananiita wewe-wa-mkokoteni. Nataka mtu mmoja aniite bingwa nikiwa na shati. Lakini yeye akiwa hapo safu ya pili nikivua hiyo kitu, mke wangu anarudi kwao Jumatatu. Kwa hivyo wewe umesoma. Nenda umwambie asikuje."

Nilipinga kwamba kusoma hakuhusiani. Nilikwenda.

Niliandika sababu zangu kwenye karatasi, nikazikariri njia nzima: ukumbi utajaa, kutakuwa na fujo, afya. Ijumaa mchana nilimkuta Kibuye nyuma ya rundo zima la omena, anapimia watu kwa gorogoro, ule mkebe wa bati, akiujaza hadi ncha na kuipunguza ncha kwa kiganja kabla mnunuzi hajaona.

"Ah, kijana wa kelele!" alisema. "Jumapili ndiyo Jumapili. Nimeshona hata leso."

"Mama, nilikuja kukushauri kwamba labda usije. Kutakuwa na msongamano."

"Mimi ndiyo msongamano."

"Na fujo."

"Umesikia nikilia fujo?"

Hapo ningeondoka. Mtu asiyesoma angeondoka. Lakini mimi niliogopa kwamba sikueleweka, na nikiogopa hivyo huwa naongeza maelezo, na maelezo yakiwa dhaifu nayaongezea mengine ya kuyashika mkono. Nikasema kwamba kuna mambo ambayo mtu akiyaona hawezi tena kujifanya hakuyaona. Nikasema kwamba kuvuliwa si sawa kwa kila anayetazama, inategemea yule anayetazama ni nani kwa yule anayevuliwa. Nikasema desturi zina hekima yake, na kwamba heshima ya nyumba ni kitu kinachoweza kulindwa kwa kutokuwepo tu.

"Nyumba gani?" aliuliza.

"Nyumba yoyote," nilisema. "Kwa mfano ya mtu mwenye binti."

Alinitazama. Mkononi alikuwa na gorogoro imejaa. Aliimwaga juu ya rundo, akaijaza tena, akaimwaga tena. Mnunuzi aliyekuwa akingoja akauliza, "Mama, kwani unanichezea?" Mbali kidogo, kati ya mafungu ya mitumba, mkokoteni ulikuwa unapita, na aliyeuvuta akatazama upande wetu, akageuza njia upesi akajificha nyuma ya marobota ya nguo, miguu tu ikionekana chini. Miguu ile ilisimama pale bila haraka.

"Nenda nyumbani, kijana," alisema. "Umeongea vizuri sana. Mungu akusamehe."

Sikumwambia mvuta mkokoteni nilichokifanya. Nilimwambia nimeongea naye. Siku mbili sikula sawasawa, nikipima kama kunyamaza ni uongo iwapo kila neno ulilosema ni la kweli.

Jumapili watu walijaa mpaka madirishani. Nilianza kutangaza bila kuwatazama wanamieleka. Niliitazama safu ya pili. Karibu na nguzo palikuwa na pengo la mtu mmoja mpana. Palikuwa na watu wamesimama kwa kukosa nafasi, na hakuna aliyethubutu kukaa pale.

Mwekundu aliingia, naye akatazama hapo hapo. Niliona mabega yake yakishuka. Aligeuka kwangu akanipa heshima ya kichwa, kana kwamba nimemfanyia kazi nzuri. Sijawahi kujidharau vile.

Kuhusu pambano siwezi kusema mengi. Mchinjaji alipangiwa kuanguka dakika ya kumi, lakini alikuwa amechoka na maisha, akaanguka ya sita. Mikono iliinuka ya kutaka kujisifu, ikateremka yenyewe, kwa maana kila mtu alikuwa anamngoja yule mama aanze. Mwenye video akapanda na mkanda. Umati ukaanza kudai uso. "Uso! Uso! Uso!" Watu waliosali asubuhi.

Boshori ilikuwa imeganda kwa jasho. Ilimkwama masikioni, akavuta, ikanyooka kama titi la mbuzi, ikatoka. Akasimama pale na nyuzi nyekundu kwenye ndevu, anatabasamu.

Sauti moja ikatoka nyuma:

"Si ni yule wa mkokoteni?"

"Ndiye! Ndiye alinimwagia viazi mwezi jana!"

Vicheko. Si vya furaha; ni vile vya watu waliofungua zawadi wakakuta kitu chao wenyewe kilichopotea. Mwaka mzima walimtaka awe jini, mwanajeshi mtoro, mtoto wa tajiri. Akawa mtu anayewabebea mizigo. Waliovaa vitambaa vyekundu walivivua, wakajifutia uso. Nilishika kipaza sauti, nikamwita bingwa mara tatu, kwa maneno marefu, na mara ya tatu watu wachache walipiga makofi, kwa adabu, wakienda mlangoni. Yeye alikuwa bado anatabasamu. Alivaa shati lake la kazi, akafunga mkanda juu yake.

Jumatatu nilikwenda Kibuye kushuhudia nilichokibomoa. Wanawake wa soko walikuwa wamejipanga tangu asubuhi.

"Mama wewe!" alisema muuza ndizi. "Kumbe mwaka mzima ulikuwa unasifu mapaja ya mkwe!"

"Na tena kwa sauti!" alidakia mwingine. "Mpaka ng'ombe ukasamehe!"

Yule mama hakuacha kupima. "Mimi nilitazama mtu asiye na uso," alisema. "Mwenye uso sijawahi kumtazama. Yeye alipovua mimi nilikuwa wapi? Nyinyi ndio mlikuwa hapo. Nyinyi ndio mmeona mkwe wa watu na chupi. Nendeni mkachinje."

Muuza ndizi alirudi kwenye ndizi zake. Mimi nilisoma falsafa miaka mitatu kwa pesa za serikali na za ng'ombe wa baba yangu, na sikuwahi kujenga hoja ya namna hiyo. Wazee hawakuitwa. Binti hakurudi kwao. Ng'ombe waliobaki hawakutajwa tena, wala na upande mmoja wala mwingine.

Ila sasa bingwa alikuwa na uso. Hiyo ndiyo gharama, na ni mama mkwe aliyeilipa. Jumapili zilizofuata, watu wakiwa ukumbini, yeye alikuwa peke yake sokoni nyuma ya omena, katika leso mpya, kelele zikimfikia kwa upepo. Nilipita hapo Jumapili moja kabla ya kazi. Nilijaribu kupita upande wa pili wa barabara.

"Kijana wa kelele. Kuja."

Nilikwenda.

"Yule asiye na uso," alisema, anatazama omena. "Siku ile ya mwisho. Alimwangusha huyo mchinjaji namna gani?"

Nikaanza. Nikasema jitu lilitetemeka, nikasema ardhi ya Kisumu iliinama.

"Wacha maneno ya redio. Mguu gani ulitangulia?"

Sikujua. Dakika zote sita nilikuwa nikitazama nafasi yake karibu na nguzo.

"Miaka yote hiyo shule," alisema, akasonya, "na hujui mguu."

Nilimkuta bingwa nyuma ya ukumbi akishusha viti, kwa sababu hakuna aliyemwondoa katika kazi ya viti. Nikamuuliza alitangulia mguu gani.

"Nani anauliza?"

"Mtu tu."

"Mtu wa wapi?"

Nilitazama upande wa soko bila kukusudia. Aliweka kiti chini. Hakuuliza tena. Alisimama mbele yangu na shati lake lililofungwa vifungo hadi shingoni, akanishika mabega kama mimi ndiye mchinjaji, akanionyesha: wa kushoto, nyuma ya kisigino, kifua kinafuata. Kisha akarudia polepole zaidi, ili nisije nikakosea kuufikisha.